Mzinga Una Mwenyewe, Bumba Je?

Kati ya mada zote za Kiswahili nilizofundisha tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu, hakuna iliyokaririwa kwa sauti kubwa kama majina ya makundi. Siku hizi huitwa nomino za makundi. Sisi wa zamani tuliziita majina tu, nami nitaendelea kuziita hivyo, maana sina tena mkaguzi wa kunikaripia. Darasa zima liliimba kama kwaya: mkungu wa ndizi, tita la kuni, mtungo wa samaki, kikosi cha askari, safu ya milima, thurea ya nyota, bumba la nyuki.

Mtoto wa Bukoba au wa Muleba hahitaji mwalimu wa kumweleza mkungu ni nini. Ameubeba kichwani tangu alipoweza kusimama wima. Mtungo wa samaki ameuona mwaloni, na tita la kuni limemuuma shingo. Lakini thurea ya nyota? Katika maisha yangu yote sijapata kumsikia mtu aliyetoka nje usiku, akatazama juu na kusema, "Loo, thurea hiyo." Bumba la nyuki nalo lilikuwa karibu na thurea kuliko mkungu. Watoto walilijua kwa ajili ya mtihani, na baada ya mtihani lililala.

Nimelifikiria sana neno hilo pamoja na ndugu zake katika miaka hii ya kupumzika. Nimekuja kuona kwamba maneno ya nyuki na ya makazi yao si mapambo ya lugha. Ukiyachanganya, kuna mtu ataumia. Nitaeleza.

Kiswahili hakina ubahili kwa makazi ya viumbe. Ng'ombe ana zizi, kuku ana banda, ndege ana kiota, mchwa wana kichuguu, buibui ana utando. Kiota na kichuguu hujengwa na wenyewe wanaoishi humo. Zizi na banda hujengwa na mtu. Mzinga uko upande wa zizi: ni nyumba aliyoitengeneza mtu akaitundika mtini akingoja wapangaji. Nyuki wanaokaa katika tundu la mti mkubwa msituni Minziro hawana mzinga, na sisi husema tu, "Katika ule mti kuna nyuki." Anachojenga nyuki kwa jasho lake kina jina jingine, nalo ni sega. Ndani ya masega mna asali, mna chavua, na mna majana. Hapa huwa nawaonya vijana wa mjini: jana, wingi wake majana, ni mtoto wa nyuki akiwa bado funza ndani ya sega, wala haihusiani na siku iliyotangulia leo. Mrinaji mwenye haraka huyakata pamoja na asali, na mlaji huyagundua yakiwa tayari mdomoni.

Ila mzinga unatofautiana na zizi kwa jambo moja kubwa. Ng'ombe hafungui zizi akaenda atakako. Nyuki hana kamba wala komeo. Akiamua kuondoka, ataondoka mchana kweupe, na mwenye mzinga atabaki akitazama juu.

Neno lenyewe mzinga lina ukoo mzuri. Kiswahili cha zamani kina kitenzi kuzinga, yaani kuzungusha au kuviringisha, na humo tumepata kuzingira, na kutoka kuzingira tumepata mazingira, neno ambalo leo halikosekani katika hotuba yoyote ya kiongozi. Kwetu Wahaya nyuki ni enjoki na mzinga ni omuzinga, na okuzinga ni kukunja au kufungia kitu ndani ya kingine. Waganda, majirani zetu, kisiwa hukiita ekizinga, kwa kuwa maji yamekizunguka pande zote. Nilipokuwa mdogo niliona mzee mmoja akisuka mzinga kwa fito na matete, akauviringisha ukawa kama pipa refu, akaukandika kwa kinyesi cha ng'ombe na kuufunika kwa majani makavu ya mgomba. Nilielewa neno hilo kabla ya kujua kusoma, kwa sababu mikono yake ilikuwa ikilitamka.

Sehemu nyingine za nchi yetu huchonga gogo au hubandua gome la mti, na huko Tabora na Rukwa ndiyo mizinga iliyozoeleka zaidi. Umbo ni lile lile: kitu cha mviringo, kirefu, chenye uwazi ndani. Na ni kwa sababu ya umbo hilo watu wa pwani walipoiona bunduki kubwa ya kwenye magurudumu waliipa jina hilo hilo. Mzinga wa nyuki na mzinga wa vita vikawa neno moja.

Mwaka 1978 nilikuwa nikifundisha darasa la pili. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini mwetu na kushika eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Watu wa Missenyi walikuja kwa miguu wakiwa na magodoro, mbuzi na watoto mgongoni. Redioni na barabarani neno lilikuwa moja: mizinga. Mizinga imeletwa, mizinga imelia usiku. Asubuhi moja mtoto wa kiume, ambaye babu yake alikuwa na mizinga kadhaa kibanjani, aliniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, hiyo mizinga inayolia, nyuki wake wamekwenda wapi?" Darasa halikucheka. Wote walikuwa na miaka minane au tisa, na wote walitaka kujua. Niliwaeleza kwamba ni mzinga mwingine, wa chuma, hauna nyuki. Akauliza tena, "Sasa humo ndani kuna nini?" Nimewahi kuulizwa maswali magumu na wakaguzi wa wilaya na wa mkoa, lakini lile ndilo gumu kuliko yote.

Vita vilikwisha mwaka 1979. Neno likaendelea kupanua ukoo wake, na vijana wa leo wana mizinga miwili zaidi: chupa kubwa ya pombe kali, na "kupiga mzinga," yaani kumwomba mtu fedha. Mjukuu wangu mmoja hupiga mzinga kila mwisho wa mwezi bila kujua hata kidogo kwamba anafuga nyuki.

Narudi kwenye bumba. Mwaka 1986, katika shule moja ya wilaya ya Muleba, wanafunzi wakiwa mstarini asubuhi, tulisikia mngurumo kama wa lori linalopanda mlima. Juu ya paa la madarasa kulikuwa na nyuki wengi mno, wakizunguka kama moshi unaovurugwa na upepo. Walishuka wakatua kwenye tawi la mwembe, mmoja juu ya mwingine, mpaka wakawa kitu kimoja kirefu kinachoning'inia, chenye ukubwa wa mtungi, kinachotikisika kidogo kidogo. Wavulana wakubwa tayari walikuwa wameinama kuokota mawe. Msichana mmoja wa darasa la saba, binti wa mfuga nyuki, alitoka mstarini bila ruhusa akanijia mbio.

"Shikamoo Mwalimu. Tafadhali wasirushe mawe. Hawa hawana nyumba, wamehama. Wameshiba asali, hawana watoto wa kulinda. Wakiachwa, hawaumi."

Niliamuru mawe yaangushwe. Ndipo nilipoliona bumba kwa macho ya mwalimu kwa mara ya kwanza. Bumba ni donge: husemwa pia bumba la udongo na bumba la tumbaku. Na Mhaya alisikiapo neno hilo hukumbuka mfinyanzi, kwa maana kwetu okubumba ni kufinyanga chungu. Nyuki wale walikuwa wamefinyangwa kweli. Lakini nusu saa kabla, angani, hawakuwa bumba. Walikuwa wingu, au kundi. Na siku moja kabla, ndani ya nyumba yao, hawakuwa bumba wala wingu. Nilimwuliza yule binti, "Na wakiwa ndani ya mzinga, nyumbani kwenu mnawaitaje?" Akafikiri. "Baba husema eka, Mwalimu. Kwa Kiswahili labda kaya."

Msomaji asiyejua Kihaya aelewe kwamba sisi tunatofautisha enju na eka. Enju ni nyumba, yaani jengo lenyewe, liwe la msonge au la bati. Eka ni nyumba pamoja na watu wake, moto wao na undugu wao. Enju inaweza kubaki tupu ikaendelea kuitwa enju. Eka haiwezi.

Wiki chache baadaye ulikuja mtihani wa majaribio, na walimu wa shule kadhaa tulikusanyika kusahihisha pamoja. Swali mojawapo lilisema: "Kundi la nyuki huitwaje?" Mwongozo uliandika: bumba. Yule binti aliandika: "Bumba wakining'inia mtini, kaya wakiwa mzingani." Mwenzetu mmoja aliyekuwa akisahihisha alipiga mkasi. Nikamwambia kwamba hili ndilo jibu bora kuliko yote tuliyoyasoma mchana huo, kwamba mtoto ametoa jibu la mwongozo na kuongeza elimu juu yake. Msimamizi wa meza akasema mwongozo ni mwongozo, na kwamba tukianza kukubali kaya, kesho watatuletea kijiji cha nyuki. Binti akapata sifuri. Wakati ule nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na maksi moja ilikuwa mlango wa kuingia au wa kubaki nje, hata kama ule wetu ulikuwa wa majaribio tu. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba katika chumba kile kizima hapakuwa na mtu aliyekwishaona bumba isipokuwa mimi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeonyeshwa na aliyepewa sifuri.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama jinsi mataifa mengine yanavyoita wale waliomo ndani ya mzinga, na kila taifa limejitazama lenyewe. Waingereza walisema koloni, na wataalamu wetu wakalichukua neno hilo kama lilivyo. Mwanafunzi aliyetoka kipindi cha historia, alikosoma juu ya makoloni ya Mjerumani na ya Mwingereza, akiingia kipindi cha kilimo na kusikia "koloni la nyuki," hudhani nyuki hao wanatawaliwa kutoka ng'ambo. Wajerumani huliita Volk, yaani watu au taifa. Hata mkuu wa kaya hiyo alihangaishwa na majina. Aristotle na waliomfuata kwa karne nyingi walisema ni mfalme. Mwaka 1609 Mwingereza Charles Butler alitoa kitabu kilichotangaza kwa jina lake tu kwamba huo ni utawala wa kike, na watu wakaanza kuzoea kusema malkia. Sisi tuliokulia katika nchi za Abakama, Ihangiro na Kihanja, ambako utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, tulilipokea neno malkia bila ubishi, ingawa huyo malkia hatoi amri yoyote. Kazi yake ni kutaga mayai.

Sasa nije kwenye mizinga ya mradi. Miaka fulani baada ya kustaafu nilialikwa kuwa mjumbe wa kikundi cha wafuga nyuki. Ilikuwa enzi ambayo ufugaji nyuki ulihimizwa kutoka juu kabisa, maana Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, alikuwa mpenzi wa nyuki na hakuficha. Serikali ilikuwa na sera ya ufugaji nyuki tangu 1998 na sheria yake tangu 2002. Tulijifunza maneno mapya: manzuki, yaani mahali palipotengwa pa kuwekea mizinga mingi, neno ambalo Msukuma hulisikia kwa furaha kwa sababu nyuki kwao ni nzuki, na hifadhi ya nyuki, na mzinga wa kisasa. Mzinga wa kisasa ni sanduku. Wazo la masanduku yenye fremu lilikamilishwa na Mmarekani Lorenzo Langstroth, aliyegundua mwaka 1851 kwamba ukiacha nafasi ya upana wa milimita kati ya 6 na 9 hivi, nyuki hawaizibi kwa nta wala kwa gundi, hivyo fremu hutoka na kurudi bila kuharibu kitu. Ni ugunduzi mkubwa, sina kinyongo nao. Ila sanduku halijazingwa na mtu yeyote, na bado tunaliita mzinga. Maneno yana huruma kuliko watu.

Shirika moja lilituletea masanduku hayo, yakatundikwa kwa nyaya, picha zikapigwa. Robo mwaka ilipokwisha fomu ilikuja: "Idadi ya mizinga." Katibu wetu akaandika 40. Fomu ya pili, 40. Ya tatu, 40. Nilikwenda mwenyewe manzukini na kijana mmoja, tukaweka sikio kwenye kila sanduku. Tulisikia nyuki katika masanduku 9. Katika mengine mlikuwa na mijusi, buibui, na moja lilikuwa na panya aliyezaa. Nilipopendekeza katika kikao kwamba tuongeze mstari wa pili, "Idadi ya makundi ya nyuki," niliambiwa kwamba fomu haina nafasi hiyo na kwamba wafadhili huhesabu mizinga. Kwa hesabu hiyo tulipangiwa kiwango cha asali cha kukusanya, na wanakikundi walikatwa fedha zao kwa kushindwa kukifikia. Walioadhibiwa ni akina mama waliochangia shilingi zao za kahawa, kwa kosa la neno mzinga kukaa mahali pa neno kundi.

Na kahawa hiyo yenyewe inamhitaji nyuki. Robusta, ambayo ndiyo kahawa yetu ya asili hapa Bukoba na Muleba, haijichavushi. Chavua lazima itoke kwenye mti mwingine. Upepo husaidia, wadudu husaidia. Mibuni inapochanua kwa pamoja, vibanja vikawa vyeupe na kunukia kama asumini, mwenye kusimama chini ya mgomba asubuhi husikia kazi ikifanyika. Hakuna fomu inayouliza habari za kazi hiyo.

Shauri ninalotaka kulieleza hasa lilitokea mwaka 2014, katika kijiji kimoja cha Muleba. Nitawaita mzee na kijana, kwa kuwa wote wana watoto shuleni na wajukuu. Mzee alikuwa na mizinga mitatu. Mchana mmoja aliona nyuki wakitoka kwenye mmoja wao kama maji yanayomwagika. Akawafuata hadi mpakani, akawaona wakitua kwenye mparachichi wa kijana jirani, mtoto wa rafiki yake marehemu. Alirudi nyumbani kutafuta chombo cha kuwachukulia. Mguu wake ni mbovu, alichelewa. Aliporudi jua likizama alimkuta kijana amekwisha kuwatikisia ndani ya mzinga wake mwenyewe, mpya, uliopakwa nta.

Asubuhi mzee alikwenda kwa mtendaji, na mtendaji, ambaye alikuwa na haraka, aliandika juu ya karatasi: "Wizi wa mzinga." Neno wizi, msomaji, halichezewi vijijini kwetu. Kuna vijana waliopoteza maisha kwa neno hilo kabla ya mtu yeyote kuuliza swali la pili. Kijana alipoletewa karatasi hiyo aweke sahihi kwamba ameitwa, alikataa. Wakamwona mkaidi. Ndipo mwenyekiti wa kitongoji alipowakusanya wazee, nami nikiwemo.

Kijana alisema, "Tata, mzinga wako sikuugusa. Uko pale pale mtini. Nenda ukautazame."

Mzee akajibu, "Mwanangu, mimi sidai mzinga. Nadai nyuki."

Mwenyekiti akauliza, "Na huo mzinga waliotoka umebaki mtupu?"

"Hapana, una nyuki."

"Basi mzee wangu, waitu, umeibiwa nini?"

Watu wakaangua kicheko, na mzee akainamisha kichwa. Sikupendezwa na kicheko kile. Nikaomba kusema. Nilieleza kwamba kuna kuhama kwa namna mbili. Kuna nyuki wanaokimbia wote kwa njaa, moto au usumbufu, wakaacha masega matupu. Huko ni kuhama. Na kuna kaya iliyojaa hadi ikagawanyika. Hapo malkia wa zamani huondoka na karibu nusu ya nyuki, na nyumba pamoja na akiba yake huachiwa binti atakayetoka katika sega siku chache baadaye. Wa mzee walikuwa wa namna hii ya pili. Mzinga wake haukuibiwa na haukuachwa mtupu; ulizaa.

Hapo akina mama waliokaa pembeni wakachangamka. Bibi mmoja akasema, "Kumbe kwa nyuki mama ndiye anayeondoka, na nyumba inabaki kwa binti?" Wanaume wakatazamana. Huku kwetu ndiko ilikotoka ile kesi mashuhuri ya Ephrahim na Pastory, ambayo Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliiamua mwaka 1990, akisema mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi ni ya ubaguzi na haipatani na Katiba. Miaka 24 ilikuwa imepita, na bado jambo hilo linaweza kunyamazisha kikao. Mwenyekiti akarudisha mazungumzo kwenye nyuki upesi sana.

Swali lililobaki lilikuwa la kweli: bumba likiwa mtini ni mali ya nani? Mzee mmoja kuliko sisi sote alimwuliza mwenye mizinga, "Walipotoka uliwaona kwa macho yako? Uliwafuata?" Akajibu ndiyo, hadi mparachichini. "Ukawaacha?" Akasema mguu ndio uliomwacha. Mzee yule hakuwa amesoma sheria popote. Lakini nilipokuwa nikimsikiliza nilikumbuka kwamba vitabu vya sheria vya Kaisari Justinian, vya mwaka 533, vinasema jambo hilo hilo: nyuki kwa asili ni wa porini, wakitua mtini kwako si wako mpaka uwatie mzingani, kama vile ndege walioweka kiota kwenye mti wako wasivyokuwa wako, na waliotoka katika mzinga wako hubaki wako maadamu unawaona na si vigumu kuwafuatia. Sheria ya kiraia ya Ujerumani, iliyoanza kutumika mwaka 1900, wakati Wajerumani wakiitawala Bukoba, inampa mwenye nyuki haki ya kuingia hata katika ardhi ya mwingine akiwafuatia, mradi awafuatie bila kukawia. Akiacha, hawana mwenyewe tena.

Kwa hiyo kila kitu kilitegemea mguu wa mzee. Je, mtu anayekwenda polepole kuleta chombo amekawia, au bado anafuata? Tulibishana karibu saa mbili. Kijana mwenyewe ndiye aliyetufungulia njia, maana aliulizwa kama alijua nyuki wametoka wapi, akasema kwa ukweli, "Nilijua. Nilimwona Tata akigeuka. Nilidhani ameshindwa." Hakudanganya, na hilo lilimsaidia kuliko hoja zangu zote.

Wazee waliamua nyuki wabaki walipo, kwa kuwa kuwahamisha tena kungewapoteza wote. Kijana ampe mzee sehemu ya asali ya mavuno ya kwanza, na bumba jingine likitoka kwa mzee, kijana ndiye atakayelikamata kwa niaba yake na kulitia katika mzinga wa mzee. Mwenyekiti akataka kufunga kikao. Kijana akasimama, akasema hatatia sahihi mpaka kichwa cha ile karatasi kibadilishwe. Mtendaji alinung'unika kwamba faili limekwisha funguliwa kwa jina hilo. Nikamwambia alifute, nami nitakaa hapo hadi alifute. Alipiga mistari miwili juu ya "Wizi wa mzinga," akaandika pembeni, kwa mwandiko mdogo, "Shauri la nyuki waliogawanyika." Kijana akatia sahihi. Mzee akaweka dole gumba.

Mavuno yalipofika kijana alipeleka ndoo ndogo yenye kifuniko. Ndani mlikuwa na masega matatu ya asali na moja lenye majana. Mzee aliyapokea yale matatu. La nne akalirudisha, akisema yeye aliahidiwa asali, hakuahidiwa watoto wa watu.